Virusi havionekani, sukari je?

Kuna jibu moja ambalo kila anayeishi na VVU hulisubiri kwa hamu: kipimo cha wingi wa virusi kimerudi, na virusi havionekani. Ni jibu zuri na sina nia ya kulitia doa. Mtu aliyefika hapo hawezi kumwambukiza mwenza wake kwa njia ya ngono, kinga yake inajijenga upya, na magonjwa nyemelezi hayampati kirahisi. Muuguzi anatabasamu, dawa za miezi mitatu au sita zinawekwa kwenye begi, anaitwa anayefuata.

Ninacholalamikia ni kinachotokea baada ya tabasamu hilo, yaani hakuna. Ni sawa na mwanafunzi aliyepata alama zote kwenye somo moja, halafu akatangaziwa kwamba amefaulu mtihani mzima. Presha haikupimwa, kiuno hakikutazamwa, na kuhusu sukari hakuulizwa hata swali. Msimamo wangu ni kwamba kliniki inayotoa ARV ndiyo inayopaswa kubeba kisukari cha wagonjwa wake, kuanzia kupima hadi kutibu, badala ya kuwapa karatasi ya rufaa na kuwatakia safari njema.

Kisukari kimeingiaje huku? Sababu ya kwanza ni ya heri: watu wanaishi. Tangu mwaka 1996, mchanganyiko wa dawa tatu ulipoanza kutumika, VVU vimekuwa ugonjwa wa kuishi nao. Aliyeanza dawa akiwa na miaka 30 sasa anaelekea uzeeni, na kisukari cha aina ya pili hupenda umri huo. Kama mambo yangeishia hapo, angekuwa sawa tu na jirani yake asiye na virusi. Lakini yeye ana mizigo ya ziada.

Walioanza tiba zamani walipitia ARV za mwanzo: stavudini, didanosini na zidovudini. Mafuta yaliyeyuka mashavuni, mikononi na matakoni, huku wengine yakiwajaa tumboni na nyuma ya shingo. Wengi walilichukulia kama suala la sura na aibu ya kutazamwa, kumbe mwili ambao mafuta yake yamehama hivyo huanza kuikaidi insulini, homoni ya kongosho inayoiondoa sukari kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane na stavudini mwaka 2009, ila mwili haufuati tarehe za miongozo. Katika kundi jingine la ARV, vizuia protisi, nako kulikuwa na dawa kama indinaviri, ambayo ilifunga njia ambayo sukari huitumia kuingia kwenye misuli. Na virusi vyenyewe, hata vikiwa vimefubazwa, huiacha kinga ya mwili ikiwa macho muda wote, hali inayoongeza huo ukaidi dhidi ya insulini.

Kisha ikaja ARV mpya zaidi, dolutegraviri, ambayo wengi huimeza ndani ya TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu. Ni dawa nzuri. Inashusha virusi haraka, na virusi haviizoei kirahisi. Lakini imeambatana na kuongezeka uzito, hasa kwa wanawake, na zaidi pale inapotumika pamoja na ARV nyingine, ile tenofoviri mpya ya alafenamidi. Mwaka 2020 watafiti nchini Uganda waliripoti wagonjwa ambao sukari yao ilipanda sana miezi michache baada ya kuianza: 16 kati ya watu 3,417 waliokuwa wakiitumia, dhidi ya mmoja kati ya 3,230 waliokuwa kwenye dawa nyingine. Hao ni chini ya watano katika kila elfu moja. Mtu asichukue takwimu hiyo akaenda kutupa dawa zake. Virusi visivyodhibitiwa vina madhara makubwa kuliko hayo. Aichukue kama hoja ya kupimwa sukari kabla ya kuanza dawa na miezi michache baadaye.

Kwenye uzito kuna jambo ambalo vipeperushi hulikwepa. Mtu aliyewahi kukonda kwa sababu ya virusi haogopi unene hata kidogo. Anachoogopa ni kukonda tena. Nguo zikianza kumbana ni furaha. Wanaokutana naye wanamwambia amenawiri, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuna anayemtazama mara mbili. Leo unamketisha na kumwambia apunguze tumbo. Anachosikia ni kwamba unamrudisha kule alikotoka, minong'ono ianze upya. Mshauri asiyelijua hilo atagawa chati za vyakula mpaka achoke. Anayelijua ataanza kwa kumwambia kwamba kupungua kwa kupanga, huku una nguvu zako, na kuyeyuka kwa ugonjwa ni vitu viwili, na kwamba atampima njiani ili wote waone tofauti.

Hofu hiyo hiyo ya kukonda ndiyo inayowaponza wahudumu pia. Dalili za kisukari zinajulikana: kiu isiyoisha, kwenda haja ndogo kila saa, uchovu, macho kuona ukungu, uzito kupungua bila sababu, utando mweupe mdomoni au muwasho wa fangasi sehemu za siri. Mtu asiye na VVU akija na orodha hiyo, sukari itapimwa kabla hajamaliza sentensi. Akija nayo anayeishi na VVU, fangasi ni virusi, uchovu ni virusi, na kukonda ni ushahidi kwamba ameacha dawa. Nimeshuhudia mama mmoja akiketishwa mezani na kuhesabiwa vidonge vyake kimoja kimoja huku ameshika chupa ya maji iliyokwisha nusu, na akiwa ameshaomba ruhusa ya kutoka zaidi ya mara moja. Hesabu ilitimia, hakikupungua wala kuzidi kidonge. Bado aliulizwa, kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, kweli unazimeza zote?" Kipima sukari kilikuwepo kwenye jengo hilo hilo, chumba cha pili. Tone moja la damu na sekunde chache zingetoa jibu ambalo ile hesabu ya vidonge isingelitoa hata ingerudiwa siku nzima.

Na hata kupima kwenyewe kunataka mtu anayejua anampima nani. Kile kipimo tunachokiita cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, huangalia kiasi cha sukari iliyogandamana na chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku kama 120. Kwa baadhi ya wanaotumia ARV, hasa zidovudini au abakaviri, chembe hizo hubadilika: huwa kubwa kuliko kawaida au hufa mapema, na kipimo kinasoma chini ya hali halisi. Mtu anaambiwa yuko salama kumbe hayuko. Ndiyo maana Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri kwamba kwa watu wanaoishi na VVU, kutafuta na kuthibitisha kisukari kufanyike kwa sukari ya asubuhi kabla ya kula, damu ikichukuliwa mshipani. Ikifika 7.0 mmol/L au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikatoa jibu lile lile, basi ni kisukari. Ratiba yao nayo ni nyepesi: kabla ya kuanza ARV au kubadilishiwa, miezi mitatu hadi sita baada ya hapo, kisha mara moja kwa mwaka majibu yakiwa mazuri. Hakuna kliniki itakayofilisika kwa kufanya hivyo.

Mkojo nao unaweza kudanganya, ila kwa namna ya kinyume. Tenofoviri ya kawaida, kwa watu wachache, huumiza vijia vya ndani ya figo mpaka sukari inavuja kwenye mkojo wakati ile ya kwenye damu iko sawa kabisa. Akionekana na mtu mwenye haraka, huyo anaweza kuanzishiwa dawa za kisukari asichokuwa nacho, huku figo ikiendelea kuharibika kwa dawa ambayo ndiyo ilipaswa kubadilishwa.

Sasa nifike kwenye dawa, maana ndipo hii habari ya kliniki mbili zisizojuana inapoumiza watu.

Mjomba wangu ana kadi mbili. Ya kisukari hukaa mfuko wa shati, na akiulizwa kwa nini amepungua huitoa bila wasiwasi: "Sukari hii, ndugu zangu." Ile nyingine imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, chini kabisa ya sanduku, na vikopo vya dawa amevibandua karatasi zote. Kisukari kwake kimekuwa pazia, na simlaumu. Siku moja daktari wa kisukari alimwona sukari bado iko juu, akamuuliza kama kuna dawa nyingine anazotumia. Akajibu hakuna. Metformini, kidonge chake cha kushusha sukari, ikapandishwa hadi gramu mbili kwa siku. Haikuchukua muda akaanza kuharisha, kichefuchefu hakimwishi, chakula hakipandi, na yeye mwenyewe ameshajihukumu kwamba "ule ugonjwa mwingine" umerudi.

"Mjomba, ulimwambia daktari kuhusu zile nyingine?"

"Mpwa wangu, ule mlango haufungwi. Benchi lote linasikia."

Dolutegraviri huziba milango ambayo figo huitumia kuitoa metformini nje ya mwili. Ukimeza zote mbili, kiwango cha metformini kwenye damu hupanda kwa takriban asilimia 79 hata kama dolutegraviri ni kidonge kimoja tu kwa siku. Kwa hiyo anayetumia dolutegraviri kwa kawaida hapitishwi miligramu 1,000 za metformini kwa siku, na anaangaliwa kwa karibu zaidi figo zake zikiwa na kasoro. Daktari wa kisukari hakukosea kwa yale aliyoyajua. Alichofanya kingekuwa sahihi kwa mgonjwa mwingine. Upande wa ARV nako kulikuwa na mtaalamu aliyeijua habari ya dolutegraviri vizuri, ila hakujua kama kuna metformini. Kati yao alisimama mzee mmoja mwenye kadi mbili, na sisi tulimtegemea yeye ndiye awe daraja, mbele ya benchi lililojaa watu.

Kuna mtego mwingine hapo hapo, wa kinyume. Dolutegraviri hupandisha kidogo kreatinini, ile taka ya damu inayotumika kupima kazi ya figo, katika wiki za mwanzo kwa sababu inabadilisha namna figo inavyoitoa, bila kuiumiza figo yenyewe. Asiyelijua hilo anaona namba imepanda, anaingiwa na hofu, anasitisha metformini iliyokuwa ikimsaidia mgonjwa. Dawa ile ile moja inaweza kumfanya mtu azidishiwe metformini au anyang'anywe, kutegemea nani hakuuliza nini.

Mifano mingine nitaipitia haraka. Septrin, ambayo wengi hupewa kuzuia magonjwa nyemelezi, inaweza kuiongezea nguvu glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, na sukari ikashuka ghafla, hasa kwa mzee mwenye figo dhaifu. Ritonaviri, moja ya vizuia protisi, ikikutana na baadhi ya dawa za steroidi, hata zile za kuvuta za pumu au sindano ya goti, steroidi hiyo hujaa mwilini na sukari ikapanda bila mtu kuelewa imetoka wapi. Ganzi na moto wa miguuni unaweza kuletwa na VVU, na dawa za zamani, na isoniazidi inayotolewa kuzuia kifua kikuu, na kisukari, na hata upungufu wa vitamini B12 unaosababishwa na metformini ikitumika miaka mingi. Mguu ni ule ule mmoja. Anayeuvua soksi na kuukagua ni nani, wa chumba kipi?

Nikisema haya watu wa kliniki za ARV hunijibu kwamba wamezidiwa, na kwamba wao ni wa VVU. La kuzidiwa nalikubali. La pili silikubali, kwa sababu tulishaliona likishindwa. Zamani kifua kikuu kilikuwa na jengo lake na VVU na jengo lake, na wagonjwa walikufa wakiwa njiani kati ya majengo hayo. Tangu mwaka 2011 mwongozo wa dunia unataka kila anayeishi na VVU aulizwe maswali manne kila anapohudhuria: unakohoa, una homa, umepungua uzito, unatoka jasho usiku? Leo mhudumu anayauliza bila hata kutazama karatasi. Kuongeza la tano kuhusu kiu na la sita kuhusu haja ndogo ni kazi ya nusu dakika. Na kisukari chenyewe huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu, hivyo anayeuliza maswali yale manne tayari yuko nusu ya njia.

Fedha ndilo pingamizi zito, na hapo sitaki kujifanya sioni. Mahali pengi ARV hutolewa bure, wakati vijiti vya kupimia sukari, insulini na hata metformini mgonjwa hununua mwenyewe. Wafadhili walikuja kwa ajili ya virusi, na taarifa wanazoziomba ni za virusi. Mhudumu huhesabu anachoulizwa. Ndiyo maana nasema serikali na wafadhili waanze kuiulizia sukari kwenye taarifa zile zile: wangapi walipimwa mwaka huu, wangapi walikutwa nayo, wangapi imetulia. Kumwokoa mtu na virusi kwa gharama zote hizo, halafu akatwe mguu au aishie kwenye mashine ya kusafisha damu kwa kukosa vitu vya bei ndogo kuliko hizo, mimi siiti kubana matumizi.

Kuna jambo moja ambalo kliniki za ARV zinalijua kuliko mtu yeyote, nalo ni kumfanya mtu ameze dawa kila siku kwa miaka hata kama hajisikii mgonjwa. Zina waelimishaji rika, zina washauri nasaha, zina mtu wa kupiga simu ukikosa miadi. Mgonjwa wa kisukari asiye na VVU hana anasa hiyo. Akikosa miadi hakuna anayemtafuta. Ningependa kisukari kirithi mfumo huo wote, isipokuwa tabia moja.

VVU vinataka utiifu. Kidonge kile kile, muda ule ule, usibadilishe chochote, usijipangie. Lugha nzima ya ufuasi imejengwa juu ya hapo, na kwa virusi ni lugha sahihi. Kisukari kinataka mtu afikiri. Leo umetembea sana, jana ulikuwa na homa, usiku hukula: anayetumia insulini anatakiwa ajue nini cha kubadilisha, na mipaka yake ni ipi. Na unaweza kufanya kila kitu ulichoagizwa, sukari bado ikapanda kwa sababu kongosho inachoka kadiri miaka inavyokwenda. Kliniki iliyozoea kusoma namba mbaya kama ushahidi wa utoro itamwona mgonjwa huyo mkaidi. Atakaripiwa, safari ijayo atafunga kula siku mbili kabla ya miadi ili namba ipendeze, na kila mtu atadanganyika. Wahudumu wanaochukua kisukari wafundishwe hili kabla hawajafundishwa dozi.

Na sukari isiwe mwisho wa safari. Kinachowaua wengi wenye hali hizi mbili ni moyo, mishipa na figo, kwa hiyo presha, sigara na lehemu (kolesteroli) vinaenda pamoja nayo. Utafiti wa REPRIEVE uliotolewa mwaka 2023, uliohusisha watu 7,769 wanaoishi na VVU, ulionyesha kwamba pitavastatini, dawa ya kushusha lehemu ya kundi la statini, ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35, ingawa waliopata kisukari katika kundi la dawa walikuwa wengi kidogo. Mimi naona ni biashara yenye faida, mradi sukari inapimwa. Ila statini haziko sawa. Simvastatini haitakiwi kabisa kukutana na ritonaviri, na anayepanga hilo anahitaji kuona kadi zote mbili.

Kwa wewe uliye kwenye dawa na hujawahi kuulizwa haya: safari ijayo nenda asubuhi ukiwa hujala tangu usiku, umekunywa maji tu, na uombe sukari ipimwe. Beba dawa zako zote, za pande zote mbili, hata zile za kuvuta na za dukani. Ukiulizwa unatumia nini na mlango uko wazi, una haki ya kuomba ufungwe kabla ya kujibu. Metformini usiiache wala kuipunguza mwenyewe. Uliza tu kama dozi yako imezingatia dolutegraviri. Na kama unatumia glibenklamidi au insulini, hakikisha wewe na unayeishi naye mnaijua sukari iliyoshuka inavyoanza, jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa, na kwamba cha kwanza ni kitu chenye sukari mdomoni kama bado unaweza kumeza. ARV unaweza kupewa za miezi sita kwa mkupuo. Somo hilo lidai siku hiyo hiyo unapokabidhiwa dawa.